Nilimtuza Hajira Mbele za Watu

Mimi sikusoma. Darasa la nne niliacha, nikaja Kariakoo kubeba mizigo, na mpaka leo nabeba. Lakini risiti najua kuisoma. Mtu anayenyang'anywa kila siku hujifunza haraka.

Siku hiyo Kalpesh, mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Kongo, alikuwa amepata kontena lake baada ya kuzungushwa bandarini wiki tano. Nilimshushia majora tangu alfajiri. Saa nane mchana akaniambia, "Baba Mgeni, leo hatuli mihogo ya kukaanga. Twende mjini ukale umekaa kwenye kiti."

Sikujua ananipeleka wapi mpaka tulipofika Kisutu nikauona ule mlango wa vioo wa mgahawa. Hapo ndipo mke wangu Angelina alipohudumia watu miaka tisa. Alitoka hapo na miguu imevimba, akalala, na mwaka juzi nikamzika. Meneja alituma shada la maua ya plastiki. Mimi ndani nilikuwa sijakanyaga. Nilikuwa nikimsubiri ng'ambo ya barabara, kama mbwa.

Aliyekuja kutuhudumia alikuwa Hajira. Angelina ndiye aliyemfundisha kazi, na kwenye msiba alikaa kwangu siku tatu akiosha vyombo.

"Shikamoo Baba Mgeni! Leo umeingia?"

"Marahaba mwanangu. Nimeingizwa."

Akacheka. Nikaitazama sare yake. Pale palipotakiwa kuwa na mifuko pameshonwa. Ya Angelina ilikuwa hivyohivyo. Meneja aliwaamuru waishone wenyewe, kwa uzi wao, mteja asije akawatilia kitu. Atakayekutwa na hela ya mteja, kazi hana. Hiyo ndiyo sheria ya pale.

Tukala. Kalpesh hali nyama, alichukua wali na dengu. Mimi nikachukua mbuzi. Bili ikaja, akalipa, chenji ikarudi, akaikusanya yote akatia mfukoni.

"Bosi, mwachie binti kitu."

"Nimeshamwachia. Soma hapa: huduma, asilimia kumi. Nilipe mara mbili? Nikikuuzia jora nikakuandikia na usafiri humohumo, halafu mwenye gari akudai tena, utakubali?"

"Kwanza nitamuuliza mwenye gari kama alilipwa."

Kalpesh akakuna shavu. Nikamwita Hajira.

"Mwanangu, hii asilimia kumi mnaipata?"

Akatazama kaunta kwanza. "Nikuongezee maji, Baba Mgeni?"

"Sijauliza maji."

"Naomba nikuongezee maji," akasema polepole, akamimina kwenye glasi iliyokwisha jaa.

Meneja alikuwa ameshaona. Anaitwa Bryson, kijana wa tai, viatu vyake vinalia sakafuni kabla hajafika. "Shikamoo mzee wangu. Kuna shida?"

"Asilimia kumi inaenda wapi?"

"Inaingia mfuko wa wafanyakazi, mzee. Tunawagawia mwisho wa mwaka, tukishakata vyombo vilivyovunjika."

"Mke wangu alikaa hapa miaka tisa, hajawahi kuja na hata mia ya mwisho wa mwaka. Alivunja nini, jengo?"

Meza ya jirani walikuwapo akina mama watatu na mifuko ya vitenge vya harusi. Wakaangua kicheko. Kile kicheko kilinipanda kichwani.

"Huo ni utaratibu, mzee," Bryson akasema. "Hata serikali wanaujua."

"Wataacha kuujua? Si wanakula hapa!"

Na ni kweli wanaujua. Mwenye mgahawa anaujua, mkaguzi anaujua, na yule anayetunga sheria kwenye kiyoyozi anaujua. Akitoka huko anakuja hapa kula kamba, analipa huduma, anajipangusa mdomo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama akauliza huyu mama aliyemletea sahani miguu imemvimbia nini.

Nikasimama. Nikatoa noti ya elfu kumi, nusu ya ujira wangu wa siku ile. Nikawaza hivi: sheria yao imekataza bakshishi, tuzo haijaandikwa popote. Nikapinda mgongo, nikachezesha bega kama kwenye ngoma ya mwali, nikaenda hivyo mpaka mbele ya Hajira, nikambandika noti kwenye paji la uso.

"Hii si bakshishi! Namtuza mwanangu!"

Wale akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akanyanyuka na kiuno chake chote, "Mwaya, na mimi nipishe nimtuze!" akambandika elfu mbili shavuni. Wenzake wakafuata. Hata Kalpesh alitoa elfu tano, akamwekea kwenye trei huku anatazama pembeni. Hajira alisimama kama mti, noti zinamdondoka miguuni. Mimi nilidhani ni furaha.

Bryson hakupiga kelele. Aliinama akaokota noti moja moja, akanyoosha mgongo.

"Hajira, vua aproni. Kachukue begi lako."

Nilimkuta nje, kwenye ukingo wa barabara, anabadilisha viatu. Nikaanza kumtukana Bryson na ukoo wake.

"Nyamaza, Baba Mgeni." Hakuwahi kunisemesha hivyo. "Mama Mgeni hakukwambia tunapewaje? Chini ya sahani. Mteja anakunja, anafunika, anaondoka bila kukuangalia. Sisi tunatia kwenye kiatu. Tunaishi hivyo miaka yote, leo umekuja kutuchezea ngoma!"

"Mwanangu, mimi nilitaka..."

"Ulinituza mimi au ulimtuza marehemu?"

Nikainama kumshikia kiatu, akanipokonya.

"Mwezi ujao mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita," akasema. "Umenitoa wewe. Nirudishe wewe."

Nikaingia tena. Kalpesh alinishika mkono, nikajitoa. Nilimwambia Bryson kwa sauti ya chini kwamba binti hana kosa, mzee nimeteleza.

"Mbona ulipokuwa unacheza sauti ilikuwepo?" akasema. "Wateja walisikia lile, wasikie na hili."

Nikasema kwa sauti. Umri wangu huu, nikasema nimekosa, binti hakuniomba chochote. Akina mama wa vigelegele walikuwa wanatazama sahani zao.

"Na hizi hela?" Alikuwa amezishika.

Alitaka niseme mwenyewe. Nikatazama kwenye mlango wa vioo, nikamwona Hajira nje amekumbatia begi.

"Ziingie mfuko wa wafanyakazi."

Akavuta droo, akazitumbukiza, akaisukuma kwa goti. Kisha akamwita Hajira kwa kidole. Alinipita mlangoni akijifunga aproni, hakunitazama, akaenda moja kwa moja kufuta meza yetu.

Tulirudi Kariakoo. Majora yalikuwa yamebaki zaidi ya arobaini. Niliyabeba yote bila kupumzika, na kila moja nililitupa ghalani kwa nguvu mpaka vumbi likaruka.

"Polepole, Baba Mgeni!" Kalpesh akaniambia. "Kitambaa kimekukosea nini?"

Nikachukua lingine.