Mimu ya Mbwana

Abbasi wa Kondoa alikuwa na kazi mbili, na moja tu ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Tarumbeta ya boma ikilia asubuhi yeye yuko mlangoni. Jua likielekea kutua ndiyo kwanza anaruhusiwa kunyoosha mgongo. Karani wa kodi huyo! Vibanda vyote vya Warangi, toka milimani mpaka nyikani, vilipita kwenye ncha ya kalamu yake, na asipokuwa mezani basi yuko njiani na askari, anakwenda kuvihesabu.

Kazi ya pili alikuwa akiiiba. Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, akishakula mchana hulala, na akilala Abbasi hutoa karatasi zake na kuandika hadithi. Si hadithi ya sungura na fisi, la. Hadithi ndefu ya mtu mmoja, Mbwana, tangu kuzaliwa kwake, ukubwa wa kitabu kizima. Mwaka wa tatu huo. Nani Kondoa alimwomba kitabu? Hakuna. Ila mkewe, Mwanne, kila jioni alimuuliza Mbwana amefika wapi, na asiposomewa hata ukurasa mmoja, chakula kilipakuliwa kwa hasira.

Maana Mbwana lilikuwa jina la mtoto wao. Alizaliwa, akanyonya, akafa hata arobaini haijatimia. Abbasi hakuijua dawa ya msiba ule, alichojua ni kuandika. Basi ndani ya karatasi mtoto akatembea, akakua, akaota ndevu, akafuata msafara wa pembe mpaka Ugogo. Kitabu kikiisha, mtoto ameishi. Ndivyo walivyoamini wale wawili, na mimi siwezi kuwacheka.

Aliandika kwa khati za Kiarabu, alizozipata udogoni kwenye chuo cha Kurani. Herufi za Kizungu alizijua sana, mshahara wake ulitoka humo, lakini akizishika tu mkono ulianza wenyewe kuhesabu vibanda.

Sasa sikia balaa. Mwaka ule, reli inakaribia Dodoma, Wadachi waliingiwa na hofu ya kila karatasi yenye khati za Kiarabu; wakiiona tu, kwao ni fitina za misikitini. Na Abbasi, aliyerudi jana yake kutoka safari ya kodi, macho yamemwiva kwa usingizi, akakumba karatasi za kodi mezani, akampelekea Bwana Shauri. Katikati yake imo hadithi. Uchovu, jamani, hauna adabu!

Bwana Shauri akafunua, akafunua, akazikuta zile khati. Akamwita Tabu, karani wa pili, mtu wa Pangani. "Soma."

Tabu akasoma. "Bwana akaanguka kwa kiu katika nyika ya Marenga Mkali. Wapagazi wakatua mizigo, wakamtazama bwana, wakamwambia, leo jibebe mwenyewe. Wakamwacha hapo, wakaenda zao wakiimba."

"Bwana gani huyo?" Mdachi akauliza.

"Si bwana! Mbwana!" Abbasi akapiga kelele, hata heshima akaisahau. "Ni jina la mtu, bwana mkubwa. Mbwana!"

Mdachi akamsogezea Tabu karatasi. "Iko wapi M? Nionyeshe."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwa khati ile, kama walivyofundishwa chuoni, mimu, yaani M, inayotangulia be, yaani B, haiandikwi. Msomaji huijaza mwenyewe kwa akili yake. Mbwana na bwana huandikwa sawasawa, na anayeijua hadithi hababaiki. Tabu hakuijua. Akatazama ukurasa juu, akatazama chini, maskini, wala hakuwa mtu mbaya. "Haipo, bwana mkubwa. Lakini huwa haiandikwi."

"Haiandikwi, lakini ipo?" Mdachi akacheka.

"Ni jina la mwanangu," Abbasi akasema. "Marehemu. Alikufa kabla ya arobaini."

Mdachi akamgeukia Tabu. "Na huyu wa hapa, ana umri gani?"

Tabu akatafuta kwa kidole. "Ana ndevu, bwana mkubwa."

"Basi karani ni mwongo."

Abbasi akafungua mdomo. Aseme nini? Kwamba ndevu zile alizipanda yeye, udevu mmoja mmoja, mwenye boma akiwa usingizini? Maneno yote aliyokuwa nayo duniani yalikuwa mezani kwa mwingine.

Hakuchapwa. Karani hodari, na kodi haijakwisha. Askari aliitwa akazichukua zile karatasi, akazitia motoni uani, na Abbasi akasimama wima kama alivyoamriwa, anatazama. Akiandika tena kwa khati ile, aliambiwa, kazi hana. Alichowaza ni Mwanne tu. Jioni atauliza.

"Sasa kaa uandike," Bwana Shauri akasema, "kwa herufi za boma. Andika: leo hadithi ya bwana imechomwa moto kwa amri yangu."

Abbasi akakaa, akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri. Alipofika kwenye jina akaandika Mbwana, kwa M kubwa, miguu yake yote imesimama. Ilikuwa mara ya kwanza jina la mwanawe kuandikwa lote.

Bwana Shauri akasoma, akachukua kalamu, akaikata ile M.

"Umekosea," akasema, akatia sahihi.