Harufu Asiyoisikia Mzee Pua

Mafundi wote waliopitia mikononi mwake walimwita Mzee Pua, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa pua. Gari likiingia gereji alilizunguka mara moja, mikono mgongoni, kisha akasema: hii ni klachi, hii ni waya, haya ni mafuta yanadondokea ekzosi. Hakukosea. Ndiye aliyemfundisha kazi yule dada mwenye gereji ya kona, enzi zile watu walipomcheka kwamba mwanamke hawezi kulegeza nati. Alimwita Spana, na jina likamganda.

Kwa hiyo asubuhi ile, Spana alipoona pikapu nyeupe ya mzee ikiingia uani, aliweka kikombe chake cha chai chini. Tangu astaafu, mzee alikuwa akiitengeneza mwenyewe na hakuruhusu mtu aiguse hata kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," mke wa mzee aliwahi kujibu hata kabla hajashuka. "Mwanangu, hili gari linanuka kuungua. Wiki ya pili sasa. Nikimwambia mwenzangu, anasema nimezidi maneno."

"Amezidi," mzee alisema, lakini hakumtazama yeyote.

Spana hakuhitaji kuinama. Harufu ilikuwa imeshamfikia, kali, ya kukereketa koo. Hata hivyo alifungua boneti, akapitisha vidole kwenye nyaya, akamulika ekzosi. Hakuna plastiki iliyoyeyuka, hakuna tone la mafuta.

"Tukaizungushe kidogo," alisema.

Mama alibaki kwenye benchi na chai. Spana akashika usukani, mzee pembeni yake. Kwenye mteremko wa nyuma ya soko alikanyaga breki mara tatu, nne, na harufu ikaingia dirishani mpaka machozi yakamlengalenga. Mzee alikuwa ametulia, anatazama barabara.

"Mzee, wewe unasemaje hapa?"

Mzee alivuta pumzi ndefu, kama zamani. "Mafuta ya injini."

Spana alimtupia jicho. Ile ilikuwa breki, na ni mzee huyohuyo aliyemfundisha kutofautisha harufu hizo mbili wiki yake ya kwanza kazini. Aliegesha pembeni, akashuka, akasogeza kiganja karibu na kila ringi ya gurudumu. Ya mbele kushoto ilimrudisha mkono kwa joto. Alipoidondoshea maji ya chupa, yalichemka palepale. Wakasubiri ipoe, wakarudi polepole.

Huko gereji, gurudumu hilo likiwa limenyanyuliwa na jeki, ilibidi alizungushe kwa mikono miwili. Mzee alitega sikio.

"Inasugua," alisema. "Pedi ya breki haiachii."

Hapo alikuwa sahihi. Walipofungua, pedi ya ndani ilikuwa imekwisha hadi kwenye chuma, na pini zinazobeba kalipa, kile kibanio cha pedi, zilikuwa na kutu, kavu kabisa.

"Nani alifunga hizi bila grisi?" mzee aliuliza.

"Hili gari lina fundi mmoja tu, Mzee."

Mzee aliigeuzageuza pini vidoleni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, maana mkewe hakuwa mbali, "Sisikii harufu, mwanangu. Tangu nilipougua mwaka jana."

"Hata petroli?"

"Hata petroli. Mjukuu alipozaliwa wakanipa nimpakate. Kila mtu anamnusa kichwani, anatabasamu. Na mimi nikainama, nikatabasamu."

Spana akampa kipande cha msasa. "Wewe safisha hiyo, mimi nasafisha hii."

Walisugua kutu, bega kwa bega. Baada ya muda Spana alisema, "Mjukuu wako ananukia maziwa. Na nguo iliyokaukia juani. Nilimbeba Jumapili nilipokuja kuwapongeza."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, mkono wake ukiendelea kusugua.

"Mama anajua?"

"Nianzie wapi kumwambia?"

"Mzee, ule mteremko unashuka nao wote wawili, yeye na mjukuu. Hii breki ingeshika moto, wa kwanza kujua asingekuwa wewe."

Walipaka pini grisi, wakafunga pedi mpya pande zote mbili, na gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja. Wakatoka kuijaribu wote watatu, Mama akiwa amekaa katikati. Chini ya mteremko Spana alisimama, akashuka kugusa ringi. Vuguvugu tu, akarudi kwenye usukani.

"Mama watoto," mzee alisema, "sikuwa nabisha. Pua yangu imekufa. Karibu mwaka sasa."

Mama alimgeukia. "Mwaka? Na ile mboga iliyoungua, nikakuuliza ikoje?"

"Nilisema tamu."

"Na ukaongeza sahani ya pili."

"Nikaongeza."

Mama alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na kicheko kilipokwisha aliendelea kujifuta. Akaushika mkono wa mumewe na grisi yake yote, akaupakata mapajani. Spana alishuka tena kwenda kukagua tairi la nyuma, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mchana walimuaga. Mzee aliendesha, Mama amehamia dirishani. Walipofika njia panda pikapu ilisimama, ingawa barabara ilikuwa tupu. Spana alimwona Mama akitoa kichwa nje, akanusa kushoto, akanusa kulia bila haraka, kisha akarudi ndani na kumwambia mumewe alichonusa. Pikapu ikakata kona.