Mwanachama Bora wa Mitaboni

Kwa miaka minne mfululizo, tuzo ya mwanachama bora wa ushirika wa maziwa wa Mitaboni ilikwenda kwa Mutinda, shemeji ya meneja. Mbithe, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja hapo kwa mafunzo ya kazi, aliapa kwamba mwaka wa tano haki itatendeka, hata ikibidi aiandikie kanuni yeye mwenyewe.

Akaziandika kweli. Aliuagiza mfumo wa kompyuta uzivute kumbukumbu za wote walioleta maziwa mwaka mzima, kisha uwape alama: kumi kwa kila mwezi bila kukosa siku, tano kwa kila mwezi ambao maziwa hayakuchacha, na ishirini kwa yeyote ambaye hakulalamika hata mara moja. Mutinda alipata sitini na tano. Wa kwanza, kwa alama mia mbili kamili, alikuwa Nthambi Masila.

"Huyu mama simjui," alisema Meneja Ngui. "Na usikie, msichana wangu. Kompyuta yako ikituaibisha, mwaka ujao tunarudia njia yetu. Mimi naonyesha kidole, watu wanapiga makofi."

"Kanuni hazitazami uso, Meneja," Mbithe akajibu kwa fahari.

Siku ya tuzo, ukumbi ulijaa. Mbithe alilisoma jina la mshindi huku zawadi, jozi moja ya viatu virefu vya mpira, gambuti mpya zinazong'aa, zikisubiri mezani. Mzee Masila, mfugaji wa hapo, akainuka, akatoka nje, akarudi akivuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwa ng'ombe mwekundu, ameoshwa vizuri, na utepe shingoni.

"Nthambi ndiye huyu."

Watu wakaangua kicheko. Mbithe akamgeukia Mzee Masila.

"Mzee, mbona ulimwandikisha ng'ombe?"

"Ningemwandikisha nani? Mimi nakamua tu, kazi ni yake. Nichukue sifa ya mwingine, kwani sina haya?"

Meneja alikuwa tayari amezikamata gambuti, macho yake yakimtafuta Mutinda. "Mmeona mambo ya kompyuta? Hizi tutampa mtu!"

Mbithe aliona kazi yake yote ikienda na maji. Akainyakua maikrofoni.

"Kumbukumbu zake ni za kweli! Hajakosa siku! Maziwa yake hayajachacha! Hajawahi kulalamika!"

Nthambi akalia "mooo" ndefu iliyotikisa mabati.

"Amelalamika!" Meneja akaruka. "Toa ishirini!"

Mbithe, ambaye hakuwa mtu wa kupindisha kanuni, aliifungua kompyuta akatoa ishirini mbele ya macho ya wote. "Mia moja na themanini," akatangaza. "Bado ni wa kwanza."

Mama Munyiva, mwanachama wa siku nyingi, akasimama kwenye benchi. "Mpeni! Angalau huyu si shemeji ya mtu! Wanaotaka kanuni za huyu msichana zibaki, mikono juu!"

Mikono ikapanda ukumbi mzima. Hata Mutinda aliinua wake, kisha akaushusha alipotazamwa na meneja. Ngui akamkabidhi Mzee Masila gambuti, uso umemkunjamana.

Mzee Masila alizigeuza, akaitazama miguu ya Nthambi, akazigeuza tena.

"Asante, Meneja," akasema. "Na zile mbili zingine?"