Mbuzi wa Choo

Kama unakula, weka sahani chini kwanza. Hadithi hii ina kinyesi mwanzo, katikati na mwisho, na mimi sikufundishwa kuandika na watu wanaovipa vitu majina ya adabu. Nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma magunia ya mbolea na vitabu vya mashine, na katika kitabu cha mashine grisi inaitwa grisi.

Nilikuwa dereva wa kombaini katika shamba mojawapo la ngano la serikali, upande wa Hanang, miaka ya themanini. Shamba lilikuwa refu hivi: ukianza kuvuna asubuhi umenyoa ndevu, ukifika mwisho wa mstari unatafuta wembe. Anayebisha alete ushahidi. Wengi walioliona wameshazikwa, kwa hiyo nina raha.

Mke wangu Fransiska alinizalia binti, Imakulata. Tulimwita Ima. Alifika miaka minane bila kutamka neno, hata mama. Alikuwa na kazi zake. Alipanga punje za ngano mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kitandani, na punje ikipinda alianza upya. Ukimshika ghafla alilia kama umemchoma moto. Siku hizi redio inasema hali hiyo inaitwa usonji, na wazazi wanashauriwa washerehekee kila hatua ya mtoto, hata iwe ndogo. Wakati ule sisi hatukuwa na jina la hali hiyo. Majirani walikuwa nayo mengi: ni laana, ni dawa ya kuua ndege kwelea, ni mama yake aliruka kaburi akiwa mjamzito. Niliyasikia yote, na vinywa vilivyoyasema vilikuwa havijapigwa mswaki.

Maneno hayakuwa shida yetu kubwa. Shida ilikuwa choo. Ima hakukubali kukiingia. Alijisaidia sakafuni, nyuma ya mlango, na mara moja ndani ya kofia yangu ya kazi, ambayo niliivaa bila kutazama. Fransiska alifagia, akaosha, akafagia tena. Miaka yote hiyo.

Januari moja nilimpeleka shuleni. Mwalimu mkuu aliitwa Thadei, alikuwa ameletwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, na suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukata nyama. Ima hakumwamkia. Kwetu mtoto asiyesema shikamoo ni kama ametukana. Halafu, akiwa amesimama palepale, akakojoa, na kijito kikaelekea kiatu cha Mwalimu.

"Ndugu Hilary," akasema akiinua mguu, "mimi ni mwalimu, si yaya."

"Anajua kupanga vitu, Mwalimu. Hesabu ataiweza."

"Ajue choo kwanza. Januari ijayo mlete. Akiwa anakwenda chooni mwenyewe nitamwandika. Akiwa hivi, basi, msinisumbue tena. Mwaka unaofuata atakuwa mkubwa mno kwa darasa la kwanza."

Kwa hiyo tulikuwa na mwaka mmoja.

Jioni ile niliingia katika choo chetu cha kambi ya wafanyakazi na, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikakitazama. Familia nane tulikitumia. Ubao ulikuwa umelowa na unateleza. Ukutani watu walikuwa wamejipangusa kwa vidole, na vidole vyenyewe ungeweza kuvihesabu. Inzi wa mle walikuwa wanene mpaka wakitua mgongoni unayumba. Chini, funza walikuwa wanachemka kama uji. Nikatapika. Nilipokuwa nimeinama hapo ndipo nikaelewa kwamba mtoto wangu hakuwa mjinga. Katika watu arobaini wa kambi ile, yeye peke yake alikuwa na kinyaa.

Nikachimba choo kingine nyuma ya nyumba yangu. Nikakiwekea dirisha, mfuniko wa mbao wenye mpini, debe la majivu na kopo la maji. Kikang'aa kuliko jikoni za watu ninaowafahamu. Ima akasimama mlangoni, akanusa, akaingia. Akakaa humo nusu saa akifungua na kufunga mfuniko. Kisha akatoka, akajisaidia nyuma ya mlango wa nyumba.

Kukipenda choo alikipenda. Tatizo, hakujua aende wakati gani.

Ikaja Julai, mavuno. Fransiska aliugua, nikalazimika kumchukua Ima shambani, nikamkalisha pembeni yangu ndani ya kombaini. Nilitegemea atalia. Hakulia. Alikaa kimya kutwa nzima, akitazama nyuma kupitia kioo, ngano ikipanda ndani ya tangi. Sasa, kombaini ina sheria yake: tangi likijaa, dereva anapiga honi mara mbili, ndefu, na trekta lenye trela linakuja kupakua mzigo. Ukichelewa, ngano inamwagika na msimamizi anakutukana ukoo mzima. Siku ya nne niliposogeza mkono kwenye honi nilikuta mkono mdogo umeshafika. Akabonyeza. Nikageuka: tangi limejaa mpaka ukingoni. Akabonyeza siku iliyofuata, na iliyofuata, na hakukosea hata mara moja. Mimi mwenye leseni nilikosea mara mbili.

Usiku sikulala, nikiwaza. Asubuhi baada ya uji nilimpeleka mtoto mbele ya choo, nikamgusa tumbo kwa kidole kimoja, nikavimbisha mashavu: "Pooo! Pooo!"

Jirani yetu Efrazia alikuwa anachuja maziwa. "Baba Ima, ndiyo nini sasa? Umekuwa trekta?"

"Kombaini," nikamjibu. "Trekta ni mumeo."

Nilipiga honi kwa mdomo kila asubuhi kwa wiki saba. Kambi nzima ilinicheka. Halafu Jumapili moja ya Septemba Ima alikuja mlango wa jikoni, akajishika tumbo, akavimbisha mashavu.

"Pooo! Pooo!"

Fransiska aliangusha sufuria ya maharage. Ilikuwa sauti ya kwanza ya mtoto yule yenye maana, tangu azaliwe. Tulimsindikiza mimi na mama yake, mmoja kila upande, kama askari wanaomsindikiza waziri. Mwisho wa Novemba alikuwa haiti mtu tena. Anakwenda, anafunika, anamwaga majivu, ananawa. Fransiska alikaa siku tatu nzima bila kushika fagio la mavi. Siku ya nne akasema tuchinje mbuzi.

"Na pombe," nikasema.

"Pombe! Tutawaambia ni ya nini?"

Swali lilikuwa na uzito. Kwetu hakuna pombe isiyo na sababu. Kabla kibuyu cha kwanza hakijagusa midomo, mzee anasimama, anaitaja sababu mbele ya Mungu, na watu wote wanaitikia. Hapo ndipo baraka inapopatikana.

"Tuseme shukrani," nikamwambia. "Sababu tutaitaja hukohuko." Nilidhani watu wakishashiba watakuwa na moyo mzuri. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Umbea ukafanya kazi yake. Ikavuma kwamba mtoto wa Hilary ameanza kusema. Walikuja watu thelathini. Shemeji yangu Margwe alitembea kwa miguu kutoka Endasak. Mzee Yoakimu alitoka Balangdalalu, ndiye aliyepaswa kuibariki pombe. Mwalimu Thadei nilimwalika kwa makusudi, ajionee kabla ya Januari, naye akaja na leso.

Nyama iliiva mapema, wakaanza kula. Sitasahau ule ulaji. Margwe alinyonya uboho kwa mlio wa pampu ya dizeli, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, akayapaka kichwani. Mzee Yoakimu alivuta ugoro, akapiga chafya ndani ya bakuli la mchuzi, akalikoroga, akaendelea. Efrazia alikuwa anachokonoa meno kwa ukucha, anakitazama alichokipata, anakirudisha.

"Haya mpwa wangu," Margwe akamwita Ima, "njoo uniamkie. Sema shikamoo, nisikie."

Ima alikuwa anatazama mfupa alioangusha mjomba wake.

"Mbona hasemi?"

"Atasema kwa wakati wake, shemeji. Kula."

Mzee Yoakimu akasimama na kibuyu. "Hilary, baba, tumshukuru Mungu kwa lipi?"

Nikasimama. "Binti yangu sasa anakwenda chooni mwenyewe."

Mzee akatega sikio.

"Anakwenda wapi?"

"Chooni, mzee wangu. Hatumpeleki. Anafunika, anamwaga majivu, ananawa."

Margwe alitema. Alitema kipande kizima cha paja, kikaruka, kikanata kwenye nguzo yangu. "Shemeji! Nimetoka Endasak kwa miguu kuja kula mbuzi wa mavi?"

"Mbuzi alikula majani. Wewe mavi yako nani aliyachinjia hata kifaranga?"

"Mtoto wa miaka minane!" Efrazia akadakia. "Wangu alianza na miaka miwili!"

"Alianza kwenda wapi, Mama? Maana ninakokanyaga kila asubuhi nikienda kazini ndiko ninakokuta mavi yake."

Mwalimu Thadei alikuwa ameweka leso puani, kana kwamba neno lenyewe linanuka. Mzee Yoakimu akashusha kibuyu taratibu. "Jambo hili siwezi kulitaja mbele ya Mungu," akasema. "Ni uchafu."

Kibuyu kikabaki hapo, juu ya kigoda. Fransiska alitoka jikoni akiwa bado na mwiko. Akakiinua kibuyu kwa mikono yote miwili. Mwanamke kubariki pombe hatukuwa tumeona.

"Mungu," akasema, "nimefagia miaka minane. Wiki hii sikufagia. Asante."

Niliitikia peke yangu. Sauti yangu ilikuwa kama ya kuku aliyekanyagwa.

Ungedhani wangeondoka. Thubutu! Nyama iliyokuwa ya mavi ikaliwa mpaka ngozi, na pombe iliyokuwa uchafu ikanywewa mpaka machicha. Ndipo matumbo yalipoanza kudai. Choo changu kilikuwa hatua kumi na tano kutoka pale, cheupe, kina maji. Hakuna aliyekigusa. Walisema ni choo cha yule mtoto, wasije wakaambukizwa. Walizunguka nyuma ya ghala langu, mmoja mmoja, halafu wawili wawili, wakipiga soga. Ukuta ulilowa mpaka usawa wa kiuno. Margwe alikwenda na jani la mgomba, na hakulirudisha. Harufu ilipanda, na mimi mwenye nyumba nikakaa nikiwatazama wakirudi, wanafunga vifungo, wanachukua kibuyu kwa mkono uleule, wanampa mwenzao.

Mwalimu Thadei alikuwa wa mwisho. Akaangaza huku na huku, akaenda.

Ima alikuwa amekwenda nyuma ya ghala kufuata punje zake. Nilisikia honi.

"Pooo! Pooo!"

Mtoto ambaye hakumshika mtu tangu azaliwe alikuwa amemkamata mwalimu mkuu mkono wa shati, anamvuta. Mwalimu mkono mmoja alikuwa ameshika suruali, leso ilianguka huko ilikoanguka. "Niache! Ndugu Hilary, mwambie aniache!"

"Tangi limejaa, Mwalimu," nikamwambia. "Hayo ndiyo anayoyasema."

Alimvuta katikati ya wageni thelathini. Akamfungulia mlango, akamfunulia mfuniko, akasimama nje amempa mgongo, kama alivyofundishwa na mama yake. Mwalimu alipotoka alikuta debe la majivu limenyooshwa mbele yake. Akamwaga majivu. Kisha kopo. Akanawa. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanalia, lakini Ima hakucheka, alikuwa anakagua vidole vya Mwalimu.

"Mlete Januari," Mwalimu akasema. Alisema akiitazama milima.

Tukampeleka, sare imepigwa pasi, kichwa kimenyolewa. Mwalimu Thadei alikuwa amepata ujasiri wake wote likizoni. Akafungua daftari la kuandikisha, akafunika kalamu. "Kwanza aende choo cha shule. Hapa, si nyumbani kwenu."

Ima alikwenda. Akafika mlangoni, akaziba pua, akarudi, akasimama nyuma ya mama yake.

"Mnaona? Sharti halijatimia."

Nikaenda kutazama. Nilidhani nimeshaona choo, lakini choo cha kambi kilikuwa altare ya kanisa ukikilinganisha na kile. Shimo lilikuwa limejaa siku nyingi, na watoto walikuwa wamepanga mirundo kutoka shimoni mpaka mlangoni, mingine ikiwa na nyayo. Jogoo wa mlinzi alikuwa ndani, anakula.

"Mwalimu, na wewe unatumia hiki?"

"Mimi nakwenda nyumbani kwangu."

"Basi binti yangu ana akili kama zako. Lete koleo."

Ilinichukua siku nne. Nilichota kwa ndoo, Fransiska akabeba kwenda kumwaga, tukachimba shimo jipya, tukamwaga majivu ya kambi nzima. Nilitapika mara sita, na mara moja matapishi yalitoka puani. Wazazi walipita njiani wakiziba nyuso, wale wale waliomla mbuzi, wakauliza kama nimelaaniwa. Hakuna aliyeshika hata mpini. Mpaka leo nikiona baadhi yao kanisani, namwachia mke wangu awape mkono.

Siku ya tano Ima alinusa, akaingia. Tulisimama nje tukimhesabia: mfuniko, kimya, mfuniko, majivu, maji. Akatoka akikausha mikono kwenye sare.

Mwalimu Thadei alikuja kuchungulia. Alikaa mle muda mrefu, akitazama dirisha, akitazama sakafu.

"Ndugu Hilary," akasema, "kwa jinsi kilivyo kizuri, huoni kingefaa kiwe cha walimu?"

Nilikuwa bado nimeshika koleo, na koleo halikuwa limeoshwa. Nilimtazama mdomo mpaka akaufunga. Ndipo akafunua kalamu, akaandika: Imakulata Hilary, darasa la kwanza.