Bunduki ya Kumwita Mihayo

Niliota usiku wa jana kwamba ninamenya mihogo jikoni kwangu hapa Sikonge, nikafungua mlango wa stoo nitafute sufuria, na stoo imekuwa duka la bunduki. Mwenye duka ni kongoni. Sikushangaa. Nani atazijua bunduki kuliko aliyelengwa nazo maisha yake yote?

"Karibu, shemeji," akasema. "Umechelewa. Jumamosi ni keshokutwa."

Alisema kweli. Jumamosi ukoo wa mume wangu unakuja kumaliza msiba wake. Mihayo aliingia pori la Rungwa miaka sita iliyopita akiongoza wawindaji wenye kibali, akafuata nyayo za nyati peke yake, hakurudi. Haukuonekana mfupa wala kiatu. Mdogo wake, Luhende, anasema sasa inatosha, tuzike koti lake na mimi niitwe mjane.

Wawindaji wana desturi yao. Mwenzao akipotea, waliobaki kambini hupiga risasi moja hewani, kisha hunyamaza. Aliyepotea akiisikia, hujibu kwa moja. Wenzake Mihayo walipiga, wakasubiri mpaka jua la utosi, wakaja kuniambia hakujibu. Nikawauliza, mlipiga kwa bunduki gani? Wakatazamana. Mmoja akasema, mama, bunduki ni bunduki.

Bunduki si bunduki. Miaka sita nimemsumbua kwa maswali kila fundi wa bunduki na kila askari wa wanyamapori aliyeleta suruali yake nimshonee, mpaka sasa nazijua kuliko ninavyoijua cherehani yangu. Mihayo alikuwa mtu wa zile za wenzo. Chini ya kifyatulio kuna chuma kilichopinda. Unakishusha, ganda tupu linaruka nje, unakipandisha, risasi nyingine inaingia. Alikuwa akikaa barazani anaisafisha, anashusha anapandisha, na mimi ndani nikisikia ule mlio najua nimeolewa.

"Nataka ya kumwita mtu," nikamwambia kongoni. "Yuko mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Miaka sita."

Akatafuna kidogo. "Hapa dukani sauti inafika pale risasi inapoishia, haivuki. Na utapiga mara moja tu."

Kwenye benchi zimekaa bunduki mbili za wenzo, kila moja inaitwa kwa namba ya risasi zake. Nyembamba ndiyo iliyoamka kwanza kunisalimia.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Thelathini Thelathini. Ni nyepesi, vichaka vyote ni vyangu. Hatua mia, mia na hamsini, simkosi mtu."

"Sitaki usimkose. Nataka asikie."

"Samahani, mama. Ni mazoea."

Ya pili ni nene na ina sauti ya mwimba besi wa kwaya. "Arobaini na Tano Sabini," ikasema. "Mimi nikisema neno, nyati anakaa chini."

"Na neno lenyewe linafika wapi?"

"Si mbali. Risasi yangu ni nzito, mama, inaanguka mapema. Siwezi kukudanganya na una matatizo."

Niliipenda kwa ukweli wake, nikaiambia ikae. Nilipogeuka, duka limekuwa zahanati na risasi zimepanga foleni ukumbini. Kila moja imeegemeza pua mgongoni kwa mwenzake, maana kwenye bunduki hizi risasi hulala ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Zote zina pua bapa. Mgongoni kila moja imebeba fataki, kile kidude ambacho kikigongwa baruti inawaka. Ukutani wameandika: USIMCHOME ALIYE MBELE YAKO.

Nje ya mlango kuna risasi moja imekaa chini peke yake. Pua yake imechongoka kama sindano.

"Wewe mbona hupangi foleni?"

"Wamenikataza. Nina ncha. Bunduki ikitikisika namchoma aliye mbele, tunalipuka wote."

"Unafika mbali?"

"Mbali sana," ikasema bila majivuno. "Lakini kwenye bunduki za foleni hakuna anayenitaka."

Roho iliniuma. Mimi pia nimekaa nje miaka sita. Harusini wake za watu hukaa huku, wajane hukaa kule, na mimi huishia kukoroga pilau, kwa sababu jikoni hakuna anayeuliza mumeo yuko wapi. Nimemkumbuka mume wangu mpaka nimechoka, na nikishachoka namkumbuka tena.

Nikamrudia kongoni, ambaye sasa amevaa koti jeupe la daktari.

"Nampeleka huyu."

"Haruhusiwi kwenye foleni, shemeji."

"Na kama foleni haipo? Nikimtia peke yake, mbele hakuna mtu, nyuma hakuna mtu. Atamchoma nani?"

Risasi moja ya pua bapa ikamwambia jirani yake, "Huyu mama amesoma."

Thelathini Thelathini ikasimama. "Ni wa saizi yangu," ikasema. "Nitambeba."

Kongoni akavua koti. "Kabla hujapiga, shemeji. Asipojibu?"

"Asipojibu, Jumamosi nitavaa nyeusi na nitanyamaza."

"Sikiliza. Mimi ni mtani wake. Mtu hazikwi mpaka mtani wake aje avuruge msiba, alale kaburini, agome kutoka mpaka apewe kuku. Mimi miaka sita sijaitwa. Hao watu wako wanazika nini?"

Kuta za zahanati zikaondoka na tukawa katikati ya pori la Rungwa, mchana mweupe, miti imetoa majani mapya mekundu. Nashusha wenzo. Naitia ile risasi yenye ncha, peke yake. Napandisha wenzo, na ule mlio unanitoa machozi, nalia wazi mbele ya kongoni.

Risasi inauliza kutoka ndani, "Nimwambie nini?"

"Mwambie nimeshona mashati yake yote yaliyochanika. Mwambie Luhende anataka lile koti. Mwambie kila kiatu kikipita nje naacha kushona. Mwambie kitanda ni kikubwa mno."

"Mama, mimi ni mdogo. Chagua moja."

Nikafikiri.

"Basi mwambie ajibu."

Napiga. Halafu tunanyamaza wote, kama desturi inavyotaka. Arobaini na Tano Sabini imeinamisha mtutu. Kongoni amesimamisha masikio, na hata kutafuna ameacha. Tunasubiri. Nasubiri mpaka nasikia majani yakikua, na bado nasubiri, ndipo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilibaki kitandani nimekasirika. Ndoto za wenzangu huwa zinafika mwisho. Yangu imekatikia pale pale palipokatikia maisha yangu. Mwishowe nikachukua fagio nikatoka uani.

Mama Kabula, jirani yangu, alikuwa upande wa pili wa ua akiwalisha kuku. Si mtu wa mzaha asubuhi.

"Umeamkaje, Nyanzobe?"

"Nimeamka salama. Na wewe?"

"Mimi nimelala vibaya. Kuna mtu kapiga bunduki alfajiri, hapa hapa, kama nyuma ya jiko lako. Kuku wote wakashuka. Nikasema labda wanafukuza fisi."

"Walipiga moja?"

"Ya hapa ilikuwa moja." Akarusha punje. "Pakawa kimya, kimya kweli, mpaka usingizi ukaanza kunirudia. Ndipo nikasikia nyingine, mbali huko, upande wa Rungwa."

Nililiegemeza fagio ukutani, nikaingia ndani, nikampigia Luhende simu nikamwambia Jumamosi wasije.