Jogoo wa Mzee Harithi

Nachingwea mjini walikuwa na utani wao: ukitaka chai ya bure, nenda Kiegei kwa Mzee Harithi, mwambie unataka kununua jogoo. Chai ya tangawizi utakunywa, muhogo utakula, na utahadithiwa mpaka masikio yachoke. Jogoo hutampata ng'o!

Na jogoo alikuwapo kweli, msidhani ni uzushi. Kuchi halisi wa mbegu ya zamani, si hawa chotara wanaojazwa kwenye matenga sokoni wakaitwa kuchi kwa sababu tu wana miguu mirefu. Mbegu ile aliilea marehemu mkewe, Bi Hadija. Mayai aliyaatamisha kwa matetea wa kawaida, maana tetea wa kuchi ni mzito, akiyakalia anayavunja. Hadija alipofariki, ugonjwa wa mdondo ukaingia ukafagia banda zima. Akabaki jogoo mmoja, akinyoosha shingo anachungulia kilichoko mezani. Mzee alimwita Bwana Shauri, kwa vile alivyotembea uani kama anayedai kodi.

Watoto wa mzee wako Dar es Salaam na Mtwara, wanapiga simu sikukuu hadi sikukuu. Majirani wana mashamba yao. Tuseme ukweli, mzee alikuwa mpweke, mpweke wa kusemezana na sufuria. Aliyemletea watu ni jogoo. Mnunuzi alikuja, akakaribishwa, bei ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na jua likianza kuzama mzee anamtafutia kasoro: huyu mkono wake mzito, yule nyumba yake iko barabarani mno. Akili yake ilikuwa moja tu: siku jogoo akiuzwa, nani atapiga hodi pale?

Lakini maneno huenda mbali kuliko miguu. Wanunuzi walipungua mmoja mmoja, mpaka msimu huu wa korosho hodi ikawa haisikiki kabisa.

Ndipo Jumanne moja asubuhi pikipiki ya Awadhi, bodaboda wa mjini, ikaingia uani imembeba mwanamke wa makamo, kanga kaifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kazini.

"Shikamoo, mzee. Mimi naitwa Sabaha, natoka Ruangwa, kule Namungo. Nawapikia wachimbaji wa dhahabu. Nimeambiwa una kuchi."

"Marahaba, mwanangu! Karibu. Karibu kiti. Karibu maji."

Awadhi alicheka bila kuzima pikipiki. "Dada, nilishakwambia njiani. Hapa inauzwa chai."

"Nenda zako huko, mpumbavu wewe!" Mzee akamfukuza kwa mkono, lakini moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na yeye alikuwa mgonjwa wa siku nyingi.

Sabaha hakutaka chai kwanza. Alimshika jogoo kama mtu aliyezaliwa bandani. Akampima uzito kwenye mkono, akapapasa kidari, akatazama upanga, ule mdogo uliolala kichwani, na macho yaliyozama chini ya paji nene. Akapuliza manyoya ya mgongoni kuangalia utitiri. Kisha akamweka chini, akasogea nyuma, akatulia. Bwana Shauri akasimama wima, shingo juu, mkia chini, akamtazama mgeni kwa dharau.

"Huyu siyo chotara," Sabaha akasema polepole. "Wangu walikuwa hivi hivi. Mdondo umenimalizia madume, nimebaki na matetea wawili. Nisipopata dume, basi, mbegu imekufa. Taja bei, mzee."

Mzee akataja bei ya wazimu, makusudi, ili wabishane mpaka alasiri.

"Sawa," alisema Sabaha.

Sawa! Jamani, sawa! Hata hakukuna kichwa. Tayari alikuwa anafungua fundo la kanga. Kwa mwendo ule, mgeni angekuwa ameondoka kabla maji ya chai hayajachemka, na jogoo kaondoka naye, na pale pangebaki yeye na sufuria.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Wewe ni mfugaji, unajua. Kuku mzito kama huyu, jua hili likimpiga kwenye pikipiki, atakufia kabla hujafika mjini. Ngoja lipoe."

Sabaha akatazama mbingu, akaona maneno yana maana. "Haya. Lakini gari la mwisho la Ruangwa linaondoka Nachingwea saa kumi na moja."

"Utaliwahi."

Wakanywa chai. Wakala ugali na kisamvu. Mzee alisimulia, Sabaha akacheka, akasimulia na yeye jinsi timu yao ya mpira ikicheza wachimbaji wote wanavyotoweka, chakula kikamwozea. Miaka mingi kicheko cha mwanamke kilikuwa hakijasikika ndani ya nyumba ile. Na mzee, badala ya kushukuru, akaingiwa na tamaa. Gari likimwacha, aliwaza, atalala chumba cha watoto, na kesho tutakunywa chai tena.

Akajidai anakwenda kuchota maji. Akamkamata Bwana Shauri, akampeleka ghalani kwenye magunia ya korosho, akamfunika na tenga. Jogoo akaanza kuguna. Mzee akatupia gunia juu ya tenga. Akaongeza la pili, asije akawika. Kisha akatoka mikono kichwani.

"Ametoroka! Mwanangu, jogoo ameingia mikoroshoni!"

Wakamtafuta. Mzee kushoto, Sabaha kulia, wanaitana katikati ya mikorosho. "Mzee, huko yupo?" "Hayupo! Huko je?" Sauti ya mtu ikimwita, yake ikiitikia. Alikuwa na raha, Mungu amsamehe, raha kama ya mtoto mtoro.

Mpaka alipomkuta Sabaha amechuchumaa, anachomoa mwiba kwenye kisigino. Damu ilikuwa imelowesha kandambili.

"Si kitu," Sabaha alisema. "Namwonea huruma yeye tu, maskini. Jua hili, sijui kama amepata maji."

Hapo aibu ikamchoma mzee, kali kuliko ule mwiba. "Ngoja, nadhani najua aliko," akasema, akakaza mwendo kurudi nyumbani. Alikuwa ameshaamua. Atamtoa jogoo, atampa mgeni wake, na bei hataki tena. Hadija angekuwapo angefanya hivyo hivyo.

Ghala lilikuwa limeezekwa kwa bati, na joto lake lilimpiga usoni kama mtu aliyefunua tanuri. Akaondoa gunia, akaondoa la pili, akainua tenga. Bwana Shauri alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, shingo ile ndefu imenyooka sakafuni. Mzee akamtikisa. Akamtikisa tena. Hata kumchinja hakukuwezekana. Kibudu. Alikaa chini kwenye magunia akalia. Ilikuwa kama mkewe amekufa mara ya pili, na safari hii aliyemuua ni yeye.

"Mzee! Umempata?" Sabaha aliita kutoka nje.

"Bado," akajibu. Neno lilitoka lenyewe.

Pikipiki ya Awadhi ilikuwa imeshafika kumwahisha gari. Sabaha akapanda, kachoka, kanga imejaa vumbi. "Basi nitarudi Ijumaa tumtafute. Kuku kama yule haachwi porini."

Magharibi mzee alimzika jogoo nyuma ya ghala. Alilia, na katikati ya kulia akajikuta anahesabu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Ijumaa baada ya swala Sabaha alifika na mtama kwenye mfuko. Wakatafuta. Mzee aliita "Kuu, kuu, kuu!" kwa sauti kubwa, akijua anayeitwa yuko wapi. Mara akamwona Sabaha amepita nyuma ya ghala. Mbwa walikuwa wamefukua usiku, na udongo ulikuwa umechanganyika na manyoya mekundu. Sabaha aliinama. Kisha akainuka, akajifunga kanga upya.

"Huku hayupo, mzee. Twende bondeni."

Wakaenda bondeni. Walizunguka mpaka vivuli vikawa virefu, wakisema habari za mvua, za bei ya korosho, za ndoa ya mtoto wa Awadhi. Sabaha aliporudi kupanda pikipiki, mzee hakuweza tena kuficha.

"Mwanangu, jogoo nilimficha mimi. Nilimfunika ghalani ili usiondoke. Joto likamuua. Nimekuulia mbegu yako na ya mke wangu."

"Nimeona manyoya," alisema Sabaha. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Sasa mbona umezunguka na mimi juani muda wote huu?"

Sabaha alitazama upande wa barabara. "Ijumaa wachimbaji hawali kwangu. Nikikaa nyumbani, mzee, napika chakula cha mtu mmoja na kinabaki. Huku angalau kulikuwa na mtu wa kuniita mwanangu."

Awadhi, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, alijifanya anakagua tairi.

"Basi njoo," alisema mzee. "Sina jogoo. Sina kitu cha kukuuzia. Njoo tu."

"Inshallah," alisema Sabaha, na pikipiki ikaondoka.

Inshallah za watu zina namna nyingi, na mzee hakuijua hii ni ya namna gani. Ijumaa iliyofuata alifagia uwanja tangu alfajiri, akabandika chai, akatoa kiti mlangoni akaketi. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilimwinua kitini.