Chupa za Rafu ya Chini

Kazi yangu ilikuwa kulea mawe. Ndivyo dada yangu alivyowaambia wateja wake, na sikuwa na hoja ya kumpinga. Tulipokea jiwe lililochimbwa kilometa mbili chini ya ardhi, tukalisaga, tukalitia kwenye chupa pamoja na maji yasiyo na hewa, tukaziba kwa mpira mnene na kuweka kwenye kabati la joto. Kisha tukangoja kuona kama ndani ya jiwe lile mlikuwa na vijidudu hai, waliokaa humo gizani tangu enzi ambazo hakukuwa na mtu wa kuwatafuta.

Nafasi ile ya utafiti ilikuwa ya miaka miwili, na kamati ingeamua kama iongezwe. Nilipoipata nilihamia kwa dada, kwenye chumba cha nyuma anachohifadhia vitambaa, maana yeye ni fundi cherehani na nyumba yake iko karibu na maabara. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi na hajawahi kuniomba ruhusa ya kunipangia maisha. Mimi nami sijawahi kumsikiliza, kwa hiyo tunaishi vizuri.

Bosi wangu tulimwita Profesa. Ni mwanamke mkavu, hapigi chuku na hampendi anayepiga. Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kila chupa iwe na pacha wake. Moja mbichi, yaani jiwe kama lilivyotoka chini. Ya pili ya kupikwa, yaani jiwe lilelile, ila limechemshwa kwa mvuke mpaka chochote kilichokuwa hai kikafa. Jambo likitokea kwenye chupa zote mbili sawasawa, hilo ni la jiwe lenyewe. Zikitofautiana, hapo ndipo pa kuuliza.

Nilikuwa nadunga sindano kwenye mpira, nachota gesi kidogo na kuipitisha kwenye mashine. Tulitafuta gesi ambayo vijidudu wangeitoa, kama sisi tunavyotoa pumzi. Mwaka mzima na ushee niliambulia patupu. Mashine ilionyesha pia gesi nyingine, haidrojeni, ambayo jiwe lililosagwa huitoa lenyewe likikutana na maji, lakini hiyo nilikuwa naipita tu. Nilianza kuwachukia wale vijidudu kama unavyomchukia mtu anayekuambia yuko njiani.

Nilikuja kushtuka siku moja jikoni, nimesimama mbele ya sufuria ya wali. Tulikuwa tumeiacha imejaa, na sasa ilikuwa nusu. Dada alikuwa ameshatoka kwenda kwa wateja wake. Sikuhangaika kujua nani kapika, nilitaka kujua nani kala. Nikabaki pale na mfuniko mkononi mpaka mkono ukachoka.

Haidrojeni ni chakula cha vijidudu wa namna ile. Kama jiwe linaitoa kwenye chupa zote mbili, basi mwenye kula angeipunguza kwenye chupa mbichi tu. Nilikwenda maabara nikiwa bado sijala, nikazipanga namba zangu upya. Kila pacha wa kupikwa alikuwa na haidrojeni zaidi ya mwenzake mbichi. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo kwenye kila jozi. Nilicheka peke yangu, na siku hiyo sikutembea, nilielea.

Profesa alizisoma zile namba mara mbili. Hakutabasamu.

"Chupa mbichi umezidunga mara ngapi?"

"Kila nilipopata nafasi, Profesa."

"Na za kupikwa?"

Za kupikwa nilizitembelea kama mtu anayekwenda kwa wakwe, kwa ratiba na kwa kujilazimisha. Nani atahangaika na jiwe lililokufa? Mbichi ndizo nilizozipenda, ndizo nilizozidunga kila moyo uliponituma. Na kila sindano inaacha tundu, hata kama jicho halilioni. Haidrojeni ni nyepesi mno, haihitaji mlango mkubwa.

"Inawezekana wameila," alisema Profesa. "Inawezekana umeivujisha wewe. Mimi siwezi kujua, na wewe pia huwezi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Ningefurahi angenifokea.

Zilibaki chupa za rafu ya chini. Zilikuwa jozi chache tulizoziziba siku ileile na zile za juu na kuziacha bila kudungwa hata mara moja, zikisubiri mwaka wa tatu. Nilikuwa nimeihesabu miaka mitatu kana kwamba mkataba ungeongezwa wenyewe. Jiwe jingine halikuwepo, maana shimo tulilolichimba lilikuwa limejaa maji na kufungwa. Na chupa ikishadungwa haiaminiki tena, kwa sababu hewa ikipenya inawaua wasiowahi kuijua.

Kamati ilikuwa inakutana wiki iliyofuata. Bila jibu, hakuna mkataba. Profesa aliniwekea mambo mezani. Vijidudu wale wanakula polepole mno. Nikidunga sasa, huenda tofauti ikawa ndogo kuliko kosa la mashine yetu kuukuu, na mawe yatakuwa yamekwisha. Nikiacha mwaka mwingine, jibu litakuwa wazi, liwe ndiyo au hapana. Ila huenda mimi nisiwepo kulisikia.

"Chupa umeziziba wewe," alisema. "Amua wewe."

Nyumbani dada alikuwa anapindisha sketi ya shule. Shule hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa kazi ya sare, na kwa mdomo wake mtamu alikuwa ameshaniulizia nafasi ya kufundisha baiolojia. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Hebu nielewe. Ukizitoboa, huenda ukabaki na kazi."

"Huenda."

"Usipozitoboa, kazi huna."

"Sina."

"Na hao wadudu, ukiwaacha, watakushukuru?"

"Hawajui kama nipo, dada."

Akakata uzi kwa meno. "Basi wewe una mapenzi ya ajabu, mdogo wangu. Mwalimu mkuu anataka jibu Ijumaa."

Siku ya kamati nilivaa suti aliyonishonea. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu la maana: je, kule chini kuna uhai au hakuna? Nilikuwa na michoro mizuri ya namba za chupa za juu, na kama ningekaa kimya kuhusu matundu, pale mezani hakuna ambaye angeuliza, isipokuwa Profesa. Nikasema sijui. Nikaeleza nilivyokosea kudunga, na kwa nini rafu ya chini isiguswe kwa mwaka mmoja zaidi. Mwenyekiti alinishukuru kwa uwazi wangu, na mkataba haukuongezwa.

Nilimwachia Profesa funguo za kabati. Nililia kwenye ngazi za nyuma, kisha nikanawa uso na kwenda kupima koti la ualimu.

Kufundisha si kubaya. Watoto wanachoka na mimi nachoka, tunaelewana. Lakini kila nikipita karibu na jengo la maabara nilikuwa natazama upande mwingine, kama anayemkwepa mchumba wa zamani.

Mwaka ulipotimia, Profesa alinipigia simu nikiwa chumba cha walimu, nasahihisha mitihani. Hakunisalimu.

"Nimedunga leo. Zote, mara moja moja."

Nikaweka kalamu chini.

"Za kupikwa zimejaa haidrojeni," alisema. "Mbichi hamna."

"Hamna kabisa?"

"Wamekomba."

Alisema mengine kuhusu kurudia vipimo na kuandika ripoti, na kwamba jina langu litatangulia lake. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nimefurahi mpaka kifua kinauma, na nilikuwa na wivu, kwa sababu sindano ile ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Simu ilipokatika machozi yalikuwa yananitiririka juu ya mitihani ya watoto wa watu.

Mwalimu wa fizikia akavuta kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa.

"Hapana," nikamwambia. "Kuna watu wangu, nilikuwa sijui kama wako hai. Wako hai. Wanakula."